Soma Kesi Yenyewe: Nasaha kwa Wanaoanza Kusomea Sheria

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa Kisumu baada ya swala ya Alasiri, katika mwezi wa Ramadhan. Yamechapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Ndugu zangu na dada zangu, Ramadhan Karim. Nimeombwa niseme na wale waliopata nafasi ya kusomea sheria chuo kikuu, na wale ambao bado wako fomu foo lakini moyo wao uko huko. Magharibi haiko mbali na kina mama wameshaanza kukaanga sambusa, kwa hivyo sitazunguka sana. Sikuja kuwasifu. Nimekuja na mambo machache ya kufanya.

Kwanza nikuambie jambo ambalo litakupata kabla hata hujafungua kitabu. Siku barua ya chuo ikifika, mtaa mzima wa Kaloleni au Manyatta utaanza kukuita wakili. Mjomba atakuletea hati ya shamba. Jirani atakuuliza habari za kijana wake aliyeshikwa Kondele. Shangazi atataka kujua kama shemeji zake wana haki ya kumtoa kwenye nyumba ya marehemu. Hiyo ni heshima, lakini wewe bado hujui kitu. Jibu la kwanza la sheria unalopaswa kujifunza ni hili: "Mimi bado mwanafunzi, lakini nitakupeleka kwa anayejua." Tena si adabu tu. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya Sheria za Kenya, inamfanya mkosaji mtu anayejitia uwakili bila kuhitimu. Basi usianze safari kwa kuvunja sheria unayokwenda kuisoma.

Sasa neno langu leo ni moja, na mengine yote yatalizunguka hilo. Soma kesi yenyewe. Soma sheria yenyewe. Usitosheke na muhtasari wa mtu mwingine. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tuiangalie njia yote unayokwenda kuipita.

JUA NJIA YOTE KABLA YA KUONDOKA

Wengi wetu tunadhani ukimaliza chuo kikuu basi wewe ni wakili. La. Digrii ya sheria huchukua miaka 4. Ndani yake kuna masomo 16 ya lazima: mikataba, jinai, katiba, ushahidi, ardhi, familia na urithi, kazi, na mengineyo. Ukimaliza hapo, unaenda Kenya School of Law, Karen, Nairobi. Huko kuna masomo 9 ya utendaji: kuendesha kesi za madai, kuendesha kesi za jinai, mirathi, uandishi wa hati, uhamishaji wa ardhi, shughuli za kibiashara, maadili ya uwakili, uendeshaji wa ofisi, na namna ya kusimama mbele ya hakimu. Mtihani wake unatungwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na katika kila somo lazima upate angalau alama 50 kwa 100. Kuna na miezi 6 ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu. Baada ya hayo ndipo unapeleka ombi kwa Jaji Mkuu, unaapishwa, na jina lako linaandikwa katika orodha ya mawakili. Hata hapo, bila cheti cha kila mwaka huruhusiwi kufanya kazi hiyo.

Kwa nini nakuambia haya mapema? Kwa sababu mambo mawili huwaumiza vijana wetu wakiwa wamechelewa.

La kwanza ni chuo. Kabla hujalipa hata shilingi, uliza kama mafunzo ya sheria ya chuo hicho, katika tawi hilo unalotaka kwenda, yana leseni ya Baraza la Elimu ya Sheria. Usiulize pale kwenye dawati la kupokea wageni. Uliza Baraza lenyewe, tena upate jibu kwa maandishi.

La pili ni alama za KCSE. Sheria ya Kenya School of Law ya mwaka 2012, katika jedwali lake la pili, ilitaja wastani wa C+ pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili. Jedwali hilo linawahusu akina nani, na linawahusu vipi, ni jambo ambalo limebishaniwa kortini mara nyingi. Kama alama zako ziko chini ya hapo, usitegemee maneno ya rafiki kwenye matatu. Lisome jedwali lenyewe, soma na hukumu zilizotolewa juu yake, kisha iandikie shule hiyo barua. Unaona? Kesi ya kwanza utakayoisoma huenda ikawa inakuhusu wewe mwenyewe.

Na wewe ambaye bado uko sekondari, lione hilo neno "au Kiswahili". Kuna wanaodharau Kiswahili darasani. Huenda ndiyo alama itakayokufungulia mlango.

KESI MOJA, NA MTU MMOJA

Sasa turudi kwenye neno letu. Chuoni utakuta desturi. Wanafunzi wa mwaka wa nne wanauza notsi. Kila kesi imepewa mistari miwili. Unazitoa fotokopi, unakariri jina la kesi na mwaka, unaingia kwenye mtihani, unapita. Vizuri. Lakini hebu tuone mistari miwili inaweza kumfanya nini binadamu.

Kuna kesi inaitwa Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Kwenye notsi utaikuta hivi: "Adan: namna ya kupokea jibu la mshtakiwa anayekubali kosa." Basi, imekwisha.

Ukiifungua yenyewe utakuta hatua, tena zimepangwa. Mashtaka lazima yaelezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, pamoja na kila sehemu inayounda kosa hilo. Maneno yake mwenyewe yaandikwe, na kama yanakubali kosa, iandikwe kwamba amekubali. Kisha upande wa mashtaka useme mambo yalivyotokea, naye apewe nafasi ya kuyakana, kuyaeleza au kuyaongezea. Na hapa ndipo penye uzito: kama hayakubali maelezo hayo, au akisema jambo linalotia shaka katika kule kukubali kwake, jibu lake libadilishwe liwe kwamba amekana, na kesi isikilizwe. Asipobadilika, ndipo atiwe hatiani na kuhukumiwa.

Chukua mfano wa kijana wa bodaboda. Amelala seli, hajala. Mtu amemnong'oneza kwamba akikubali atapigwa faini ndogo aende nyumbani. Anasomewa shtaka la kupatikana na simu ya wizi. Anasema, "Ni ukweli." Yanasomwa maelezo. Anaulizwa tena, anasema, "Ni ukweli nilikuwa na hiyo simu, lakini niliinunua Kibuye." Sikiliza vizuri maneno hayo, ndugu yangu. Je, huyu amekubali kosa? Amekubali kuwa na simu. Hakukubali kwamba alijua ni ya wizi. Kwa mujibu wa Adan, hapo hakimu anatakiwa asimame, abadilishe jibu, na kesi isikilizwe.

Aliyekariri mistari miwili ataketi pale kortini asione chochote. Aliyeisoma kesi yenyewe atasimama. Tofauti yao ni kurasa chache, lakini kwa yule kijana tofauti ni kulala kwao au kulala Kodiaga.

Ndiyo maana nasema kusoma kwako si kwa ajili ya mtihani tu. Kuna mtu ambaye humjui, pengine sasa hivi ni mtoto wa darasa la nne, atakayekuja kutegemea ule ukurasa ulioruka.

NAMNA YA KUISOMA

Utaniuliza, hukumu moja ina kurasa arobaini, nitazimaliza vipi? Chukua daftari. Kila kesi ipe ukurasa mmoja tu, na ujibu maswali matano kwa maneno yako mwenyewe:

1. Nani alimshtaki nani, na alitaka nini?
2. Mambo yalitokea vipi?
3. Swali la sheria lilikuwa lipi hasa?
4. Mahakama ilijibu nini, na kwa sababu gani?
5. Je, uamuzi huo bado una nguvu leo?

Swali la nne lina mtego. Majaji husema mengi njiani, na si yote yanayoamua kesi. Jifunze kutenga sababu iliyobeba uamuzi na maneno ya pembeni. Swali la tano ndilo wanafunzi wengi hulisahau.

Tuchukue kesi ya hapa kwetu ambayo kila mzee wa Nyanza anaijua, kesi ya maziko ya S.M. Otieno. Yeye mwenyewe alikuwa wakili mashuhuri Nairobi. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka amzike katika shamba lao huko Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema la, Mluo huzikwa kwao, naye apelekwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu, ikaenda Mahakama ya Rufaa, na marehemu akazikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa.

Muulize mtu yeyote stendi ya mabasi, atakuambia, "Korti ilisema mke hana sauti." Je, ndivyo? Fungua kesi uone swali lililokuwa mbele ya majaji: ni sheria gani inayotawala maziko ya Mluo aliyeishi mjini, akaoa mke wa kabila lingine, akaishi maisha ya kisasa? Majaji walisema kwamba kuishi hivyo hakumtoi mtu katika mila ya kabila lake, na kwamba mila hiyo ndiyo iliyomhusu. Walikuwa na Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inayoruhusu mila kuongoza kesi za madai ilimradi isipingane na haki na maadili. Kisha uje kwenye swali la tano. Mwaka 2010 tulipata Katiba mpya, na ibara yake ya 2(4) inasema mila yoyote inayopingana na Katiba ni batili kwa kadiri ya kupingana huko. Kwa hivyo mwanafunzi wa leo hawezi kuitaja kesi ya mwaka 1987 akanyamaza. Lazima aseme ilivyokuwa, na aseme nini kimebadilika tangu hapo.

Na sisi Waislamu tusidhani hayo ni ya wengine tu. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi kuhusu urithi wa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, katika mali ya marehemu Mwislamu. Maneno yakaenea kwenye simu na kwenye baraza za misikiti. Wengine walikasirika, wengine walitetea. Wangapi waliifungua hukumu yenyewe? Waweza kuupinga uamuzi wa mahakama, hiyo ni haki yako. Lakini mwanafunzi wa sheria hapingi asichokisoma. Wanazuoni wetu walifunga safari ndefu wakitafuta hadithi moja kutoka kwa aliyeisikia mwenyewe. Sisi hukumu tunayo mfukoni.

Nasema mfukoni kwa sababu hukumu za korti zetu ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Sheria zote za nchi ziko pale. Zamani mwanafunzi wa kwetu hakuzipata kwa urahisi hivyo. Leo mtoto wa mvuvi wa Dunga aweza kusoma hukumu iliyotolewa juzi.

Kuna jingine la siku hizi. Kuna programu za kompyuta ambazo ukiziuliza zinakuandikia muhtasari mzuri, tena kwa lugha tamu. Mwaka 2023, huko New York, mawakili walipeleka kortini kesi walizopewa na programu ya namna hiyo, kumbe kesi zenyewe hazikuwahi kuwako duniani. Jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Itumie ikusaidie kutafuta, sawa. Lakini jina la kesi ambayo hukuifungua kwa mkono wako usiliandike.

LUGHA MBILI KATIKA KICHWA KIMOJA

Sheria utafundishwa kwa Kiingereza. Mteja wako atakuja na Kiswahili au Dholuo. Wakili asiyeweza kuvuka kutoka huku kwenda kule ni kama mashua isiyo na kasia.

Zoezi ni jepesi. Kila Ijumaa jioni, chukua jambo moja ulilosoma wiki hiyo, umweleze mama yako au ndugu yako ambaye hakusoma sheria, kwa dakika tatu. Mfano, utafundishwa kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932. Mwambie mama: kule Scotland mwanamke mmoja alinunuliwa kinywaji na rafiki yake. Chupa ilikuwa haionyeshi ndani. Akadai kwamba alipokuwa ameshakunywa, akaona konokono aliyeoza akitoka humo, na akaugua. Hakununua yeye, kwa hivyo hakuwa na mkataba na mtu. Je, aweza kumdai mwenye kiwanda? Mahakama ikasema ndiyo, anayetengeneza kitu kitakachotumiwa na watu lazima achukue tahadhari wasidhurike. Kama mama anayeuza chakula Kibuye amekuelewa, na akakuuliza swali, basi umeielewa kesi. Akibaki kukutazama tu, rudi ukasome tena.

Na ujue kwamba lugha ni haki iliyoandikwa. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo kama haielewi lugha inayotumika kortini. Wewe ukiwa umezoea kueleza, utaona haraka pale mtu anapotikisa kichwa bila kuelewa.

NENDA KORTINI MAPEMA

Usingoje mwaka wa nne. Kesi husikilizwa hadharani isipokuwa chache, na kuketi nyuma ukasikiliza hakuna malipo. Hapa Kisumu tuna bahati. Kuna mahakimu, kuna Mahakama Kuu, kuna Mahakama ya Ardhi na Mazingira, kuna Mahakama ya Ajira, kuna majaji wa Mahakama ya Rufaa, na kuna Mahakama ya Kadhi. Ukiwa Winam, Maseno, Nyando, Bondo, Homa Bay, Mbita au Migori, korti iko karibu nawe pia.

Nenda asubuhi, wakati washtakiwa wapya wanasomewa mashtaka. Vaa vizuri, zima simu, keti kimya, chukua daftari. Hesabu zile hatua za Adan, moja moja. Nenda siku nyingine Mahakama ya Madai Madogo. Ile husikiliza madai ya mpaka shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iishe katika siku 60. Pale utaona muuza omena na mwenye gari lake la mizigo wakijitetea wenyewe bila wakili, na utajifunza namna watu wa kawaida wanavyosimulia ugomvi wao. Vitabu havikufundishi hilo.

Mtu akikuuliza wapi pa kujitolea likizo ndefu, jibu ni ofisi ya wakili au shirika la msaada wa sheria. Hata kama kazi ni kupanga mafaili. Anayejua faili inavyopangwa hatashangaa atakapofika Karen.

SAA, PESA NA RAMADHAN

Mwaka wa kwanza una uhuru mwingi, na uhuru ndio uliowazamisha wengi. Weka saa mbili baada ya Alfajiri, kabla simu hazijaanza kulia, ziwe za kusoma hukumu. Kesi mbili kwa kila somo kwa wiki zinatosha. Mwisho wa muhula utakuwa na daftari ambalo huwezi kulinunua popote. Fanya kundi la watu wanne, si kumi. Andika majibu ya mitihani iliyopita kwa mkono na kwa saa, kisha mpe mwenzako ayakosoe. Ingia kwenye mashindano ya kesi za mazoezi hata kama una kigugumizi. Huko ndiko ulimi unakolainika.

Ramadhan ikigongana na mitihani, panga mapema. Kazi nzito ya kichwa iweke baada ya daku na Alfajiri. Mchana fanya mambo mepesi, kama kupitia daftari. Usikeshe kwa gumzo ukidhani unakesha kwa ibada. Ukiona ratiba ya mtihani imeingia saa ya swala ya Ijumaa, andika barua kwa heshima mapema, pamoja na wenzako, kabla ratiba haijafungwa. Barua ya mapema husaidia kuliko malalamiko ya kuchelewa.

Pesa. Sio kila kitabu cha kununua. Kimoja kizuri kwa kila somo, vingine maktaba. Omba basari ya kaunti na ya eneo bunge kila mwaka, na uweke nakala ya kila fomu. Ama mkopo wa serikali wa HELB, huo una riba, nalo ni jambo linalowasumbua vijana wengi wa Kiislamu, tena kwa haki. Nisikupe fatwa hapa. Ninachosema ni kwamba keti na wazazi na masheikh wako kabla ya kujaza, uliza HELB kwenyewe kama kuna njia nyingine, na usitie sahihi karatasi ambayo hukuisoma yote. Mwanafunzi wa sheria aliyetia sahihi bila kusoma ni kama nahodha asiyejua kuogelea.

Na anza kuweka akiba ya Kenya School of Law tangu sasa. Kuna ada, kuna kodi ya nyumba Nairobi, kuna nauli. Wengi hukwama pale si kwa ujinga bali kwa mfuko. Wazee na matajiri wetu wanaonisikia, msiishie kumchangia mtoto siku ya kuingia chuo mkapiga naye picha. Mchangieni na siku ya Karen.

KWA NINI TUNAKUHITAJI HAPA

Kando ya ziwa letu, familia nyingi za Kiislamu zimechanganyika. Baba kasilimu, ndugu zake hawakusilimu. Mama ni Mnubi, mume ni Mluo, wajukuu wako Kendu Bay. Wakati wa uhai wanakula sahani moja. Msiba ukiingia, maswali yanaanza: azikwe vipi, azikwe wapi, na mali ni ya nani?

Hapo ndipo sheria inapohitaji mtu aliyeisoma. Ibara ya 170 ya Katiba inaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, lakini kwa sharti kwamba pande zote ziwe za Waislamu na zikubali kusikilizwa hapo. Mmoja akiwa si Mwislamu, au asipokubali, mlango ni mwingine. Na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inasema mali ya Mwislamu aliyefariki igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Mjane asiyejua haya huzungushwa kutoka kwa chifu hadi kwa mzee wa ukoo, na siku zinakwenda, na ng'ombe wanaondoka zizini.

Aidha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, ya Kiislamu ikiwemo. Wangapi katika sisi tuna cheti? Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweza kulitangaza, maana si kumwakilisha mtu kortini. Ni kuwakumbusha watu waandike. Wasia uandikwe. Mauziano ya shamba yaandikwe. Deni la mashua liandikwe. Katika kesi ya S.M. Otieno, mashahidi walishindana juu ya maneno ya mdomo ambayo marehemu alidaiwa kuyasema, na marehemu alikuwa wakili!

Dada zangu, nawasemesha nyinyi hasa. Kuna mambo ambayo mjane au binti hatayasema mbele ya mwanamume, hata awe mwema vipi. Akikosa dada wa kumweleza, haki yake inakufa naye. Msikubali kuambiwa kwamba kazi hii si yenu.

AMANA

La mwisho ni tabia. Sheria utakayoisoma ni ujuzi, na ujuzi hutumika pande zote mbili. Anayejua hati ya shamba inavyoandikwa anajua na inavyoghushiwa. Anayeshika pesa za mteja anashika moto. Usiibe kazi ya mwenzako ukaiita yako, maana anayeiba karatasi mwaka wa kwanza anajizoeza. Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata kama utatugeukia sisi wenyewe au jamaa zetu. Wakili Mwislamu atapimwa hapo siku mpinzani wake atakapokuwa maskini na mteja wake tajiri.

Tuna wa kumtazama. C.M.G. Argwings-Kodhek, mtoto wa Gem, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kabisa wa Kenya kuwa mawakili. Miaka ya hamsini aliwatetea washukiwa wa Mau Mau, wakati kuwatetea kulikuwa kujitia katika hatari. Ukipita ile barabara ya Nairobi yenye jina lake, kumbuka kwamba hakupewa jina hilo kwa ajili ya suti.

Kwa hivyo, kijana wangu, binti yangu, ukifika chuoni wiki ya kwanza, wataanza kukuuzia notsi. Nunua ukitaka, lakini jioni hiyo hiyo fungua hukumu moja, uisome tangu jina mpaka sahihi ya jaji. Ikikuchukua saa tatu, na ikuchukue. Ya pili itachukua mbili.

Namuomba Allah awafanyie wepesi, azikubali funga zetu, na atujaalie mawakili ambao mnyonge akiwaona wakiingia kortini, moyo wake unatulia. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.